Papa Mugisho Ashuka Kwenye Tipoyi

Jumamosi ile nyumba ya akina Adèle ilinukia sambaza tangu asubuhi. Sambaza ni samaki wadogo wa ziwa Kivu, na wakikaangwa hawana siri. Mtaa mzima unajua una wageni.

Ilikuwa mwaka wa 2000, wakati wa vita. Wanajeshi walikuwa barabarani, mafuta ya gari yalikuwa adimu, na kila wiki ililetwa habari mbaya kutoka vijijini. Lakini watu wa Bukavu hawakuacha kuoana. Wangengoja vita viishe kwanza, mji ungejaa makapera wenye mvi.

Siku hiyo Emmanuella alikuwa analetewa mahari. Mchumba wake aliitwa Déogratias, fundi wa redio, kijana mpole mwenye masikio makubwa. Emmanuella alikuwa mdogo wa Adèle. Kaka yao aliitwa Dany. Wazazi wao walikwisha kufa, na aliyewalea ni shangazi yao, Maman Eulalie. Wote waliishi Kadutu, mlimani, katika nyumba iliyoning'inia juu ya mteremko kama kuku juu ya ua.

Adèle alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa sekuriste, yaani mtu aliyefundishwa kuwahudumia majeruhi pale pale walipoumia na kuwafikisha hospitali. Tangu vita vianze, magari ya wagonjwa yalikuwa hayaonekani Kadutu. Masekuriste walikwenda kwa miguu, na wagonjwa walibebwa kwa tipoyi, ile machela ya miti miwili inayobebwa mabegani na watu wanne. Tipoyi ya mtaa ilikuwa moja tu. Iliwekwa parokiani.

"Leo ni feti, ni sherehe, Adèle," alisema Maman Eulalie alipomwona na mfuko wake wa bendeji. "Ule mufuko uache mu chumba."

"Mufuko hauli bugali yenu, shangazi."

"Hauli, lakini unaita mabaya."

Adèle alicheka, akauweka mfuko nyuma ya mlango. Hakuuweka mbali.

Mwalimu wa masekuriste alikuwa jirani yao Honoré, muuguzi wa hospitali kubwa kule Ibanda. Kila Jumatano aliwafundisha katika ukumbi wa parokia, na kila Jumatano aliwaambia jambo lile lile mpaka wakachoka kulisikia.

"Mukifika kwenye ajali, musikimbie. Musimame. Muangalie watu wote. Halafu mujiulize: nani atakufa wa kwanza kama sitamushika? Uyo njo wa kwanza. Si mwenye anapiga kelele. Si mwenye cheo."

Darasani jambo hilo lilikuwa rahisi sana. Adèle alikuwa analijibu kabla Honoré hajamaliza kuuliza.

*

Saa nane mchana wageni walifika wakiimba. Ng'ombe walikuwa wameliwa na vita, basi walikuja mbuzi, nao walifungwa chini kwenye mgomba. Watu walipanda barzani. Barza hiyo ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya nguzo sita, na chini yake kulikuwa na bonde dogo lenye migomba na matope.

Katikati alikaa Papa Mugisho, kaka mkubwa wa marehemu baba yao. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo. Bila neno lake, Emmanuella haendi popote. Papa Mugisho alikuwa mtu mnene, mwenye koti la rangi ya kahawia na sauti iliyoweza kuita mtu aliye ng'ambo ya mlima.

Aliyegawa kasiksi, pombe ya ndizi, alikuwa Olive, mke wa Dany. Olive alikuwa ameolewa miezi sita tu. Alikuwa mukamwana mpya, na mukamwana mpya kwao ana sheria zake: anapiga magoti anapotoa kikombe, anaongea polepole, na mbele ya baba mkwe halalamiki kamwe. Akiungua na moto, ananyamaza. Akichoka, anasema hajachoka. Maman Eulalie alimsifu kwa majirani kila siku. "Uyu mutoto hana mudomo," alikuwa akisema, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Kikombe cha kwanza alipewa Papa Mugisho. Kisha wazee wa upande wa Déogratias. Kisha shangazi. Kisha wengine, kwa umri. Hakuna aliyeuliza utaratibu, kwa sababu kila mtu aliujua tangu tumboni.

Halafu ngoma ikaanza. Lo! Watu walicheza. Walicheza kama watu ambao kwa miezi mingi hawakuwa na sababu ya kucheza. Hata Papa Mugisho aliinuka, akatikisa mabega, na mbao zikatikisika pamoja naye. Mchwa walikuwa wamekula nguzo mbili muda mrefu, lakini nani anakagua nguzo siku ya feti?

Ikasikika sauti moja kubwa, ka! Barza ikainama upande wa bonde. Watu kumi na wanne wakateremka pamoja na mbao, viti na mtungi wa kasiksi.

*

Adèle alikuwa jikoni. Alichukua mfuko nyuma ya mlango, akatoka mbio.

Alipofika ukingoni alikumbuka: usikimbie, simama. Akasimama. Chini aliona matope, mbao, vitenge vya kila rangi, na watu wakijaribu kuinuka. Wengi walikuwa wanacheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Kila mutu mwenye anaweza kutembea, apande huku juu ku lupango, uani!" alipaza sauti. "Polepole! Musivutane!"

Watu tisa wakapanda. Wamechubuka, wamechafuka, lakini wazima. Ilibaki kazi ya wale wengine.

Hapo ndipo sauti ya Papa Mugisho ilipojaza bonde.

"Miye nakufa! Muguu yangu! Mugisho anakufa, mbuzi inamuangalia!"

Ni kweli, mbuzi mmoja alikuwa anamwangalia.

Maman Eulalie alimshika Adèle mkono. "Papa kwanza! Muzee kwanza! Unangoja nini?" Mashangazi wengine wakamshika mkono wa pili. Adèle alijikuta amepiga magoti kando ya Papa Mugisho kabla hajawatazama majeruhi wengine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na yeye mwenyewe hakuficha baadaye. Miguu yake ilifuata utaratibu wa kasiksi.

Mguu wa kulia wa mzee ulikuwa umevunjika chini ya goti. Ngozi haikupasuka. Adèle akagusa unyayo: una joto. Akamwambia atikise vidole. Vikatikisika, pamoja na matusi mawili. Akamtuma Dany parokiani kuchukua tipoyi. Akachukua vipande viwili vya mbao za barza, akavizungushia vitenge ili visimuumize, akaufunga mguu katikati yake, usicheze.

Kisha akageuka. Kijana wa kwaya alikuwa amepasuka kichwani na damu ilikuwa nyingi usoni. Adèle alimwita Emmanuella.

"Shika kitambaa hiki. Gandamiza hapa. Usiachilie uone kama imekauka. Gandamiza tu."

Emmanuella, na nguo yake mpya ya mahari, akakaa matopeni akagandamiza. Damu ikapungua, ikasimama. Wawili wengine walikuwa na vifundo vya miguu vilivyoteguka. Hiyo iliweza kungoja.

"Nani tena anaumia?" Adèle aliuliza.

Olive alikuwa amesimama karibu na mgomba, anaokota vikombe.

"Olive, na weye? Unaumia wapi?"

"Niko bien, niko muzima, yaya. Mushugulikie papa." Yaya kwao ni dada mkubwa.

Adèle akarudi kwa mzee. Dany alifika anahema, tipoyi begani. Wanaume walimwinua Papa Mugisho taratibu, wakamlaza juu yake, na Maman Eulalie akamfunika kwa kitenge chake kizuri zaidi. Watu wanne wakashika miti. Safari ya Ibanda ilikuwa karibu saa nzima kwa miguu.

Ndipo Olive alipokiangusha kikombe.

Haikuwa kitu kikubwa. Kikombe cha plastiki, hakikuvunjika. Lakini Olive hakuinama kukiokota. Alikuwa ameshika bega lake la kushoto, anatazama chini, na midomo yake ilikuwa imepoteza rangi.

Adèle akamwendea. Hakumuuliza kitu safari hii. Alimshika mkono tu. Mkono ulikuwa wa baridi na umelowa jasho, ingawa jua lilikuwa kali. Akatafuta mshipa. Ulikuwa unapiga mbio mbio, tena kwa udhaifu. Akatoa saa yake, akahesabu. Mia na ishirini kwa dakika.

"Kaa chini, mudogo wangu. Bega imegongwa?"

"Apana, yaya."

"Nini ilikugonga?"

Olive aliwatazama wazee, akanong'ona. "Ile mbao kubwa. Hapa." Akaonyesha chini ya mbavu za kushoto. "Lakini ni kidogo. Nasikia tu kiu."

Adèle akaweka kiganja tumboni pake, kwa upole. Tumbo lilikuwa gumu. Olive alifumba macho, hakulia.

Honoré alikuwa amewaeleza. Chini ya mbavu za kushoto kuna wengu, na wengu umejaa damu. Ukipasuka, damu inamwagika ndani, nje hakuonekani hata tone. Maumivu yake yanapanda mpaka begani, bega ambalo halikuguswa na kitu. Mtu anakuwa baridi, anasikia kiu, anapauka. Baadaye analala, na hapo mara nyingi msaada umechelewa.

Adèle alijisikia aibu mpaka masikioni. Alikuwa amemuuliza mukamwana, mbele ya baba mkwe, mbele ya wageni wa mahari, kama anaumia. Angejibu nini? Angejibu "niko bien" hata kama angekuwa amekatika vipande viwili.

*

"Ngoja!" Adèle aliita. "Mushushe tipoyi."

Wanaume wanne walisimama, wakaitua chini. Papa Mugisho akainua kichwa.

"Kuna nini?"

Adèle alipiga magoti kando ya tipoyi, matopeni, kama binti anavyopiga magoti mbele ya baba.

"Papa, munisamehe. Inabidi mushuke. Olive njo atatangulia."

Wabebaji walitazamana. Hata mbuzi waligeuza vichwa, au pengine Adèle alidhani hivyo.

"Mimi nishuke?" alisema Papa Mugisho polepole. "Muguu yangu imevunjika. Uyu iko anatembea, anaokota bikombe!"

"Muguu imevunjika, ndiyo, papa. Lakini nimeifunga. Nyayo yenu iko na joto, vidole vinatikisika, na sauti yenu inafika Rwanda. Mutangoja saa mbili, mutaumia, lakini mutaishi. Olive anatoka damu mu tumbo. Hana saa mbili."

"Damu gani?" Maman Eulalie alikuja juu. "Iko wapi? Mimi sioni damu! Adèle, unamupita baba yako juu ya mutoto wa kuolewa? Siku ya mahari? Mbele ya batu?"

"Shangazi, mudomo iko na heshima. Mapigo ya moyo haina heshima. Mushike mukono yake, musikie."

Maman Eulalie hakushika. Papa Mugisho alimnyooshea Adèle kidole.

"Nisikilize vizuri. Ukinishusha hapa, usiniite tena papa. Na Emmanuella sitamutoa. Mbuzi zirudi kwao."

Emmanuella, pale alipokaa na kitambaa, aliinua uso. Adèle alimtazama mdogo wake. Aliona nguo iliyoharibika, na macho yaliyojaa machozi. Halafu alimtazama Olive, aliyekuwa ameegemea mgomba na kusema kwa sauti ndogo, "Yaya, wacha tu. Papa aende."

Nani atakufa wa kwanza kama sitamshika? Swali lilikuwa lile lile la Jumatano. Ila sasa lilikuwa na sura za watu wa nyumbani.

"Papa," alisema Adèle, "mutanikasirikia mukiwa muzima. Nitakuja kila siku, munitukane. Olive akikufa, yeye hatapata siku ya kutukana mutu."

Akasimama. "Mumushushe."

Hakuna aliyesogea. Dany alimtazama mkewe, akamtazama mkuu wa ukoo. Miguu yake ilikuwa kama imepandwa.

Aliyesogea ni Déogratias. Huyo huyo ambaye siku hiyo alikuwa na kila kitu cha kupoteza. Masikio yake makubwa yalikuwa mekundu. Aliinama kwa Papa Mugisho, akasema, "Pardon, papa mukwe," akaweka mikono chini ya mabega ya mzee. Dany akaamka kama mtu aliyetoka usingizini, akashika upande wa miguu. Wakamshusha taratibu juu ya mkeka, kama unavyoshusha yai. Papa Mugisho akageuza uso wake upande wa migomba.

*

Walimlaza Olive chali. Adèle alikunja vitenge akaviweka chini ya miguu yake ili damu iliyobaki irudi kwenye moyo na kichwa. Akamfunika apate joto. Maman mmoja alileta maji.

"Anasikia kiu, mumupatie."

"Apana, maman. Lazima apasuliwe. Tumbo ibaki bure, bila kitu. Tutalowesha midomo tu."

"Na tumbo tulikande kidogo?"

"Tusiiguse hata kidogo."

Kabla ya kuondoka alimwambia Emmanuella: "Bakia na papa. Umufunike. Kila robo saa gusa vidole vya mguu wake. Vikiwa baridi au vikifa ganzi, legeza vile vitambaa. Tipoyi itarudi."

Njia ilikuwa ya kuteremka. "Warefu mbele, wafupi nyuma," Adèle aliamuru, "ili tipoyi ibaki sawa." Dany na Déogratias walikuwa warefu. Wakatangulia. Adèle alitembea kando, mkono wake juu ya mkono wa Olive, akihesabu.

"Ongea na mimi, Olive. Sambaza ulitia chumvi ngapi?"

"Kidogo, yaya."

"Uongo. Ilikuwa chumvi ya bahari nzima."

Olive alitabasamu kidogo. Adèle alitaka atabasamu. Mtu anayejibu bado yupo.

Chini ya mlima kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi, kamba iliyofungwa kati ya mapipa mawili.

"Telema! Nini wana?" askari mmoja aliuliza kwa Lingala: simameni, kuna nini? Shavu lake moja lilikuwa limevimba.

"Mugonjwa wa lopitali, chef. Anatoka damu ndani. Tukisimama hapa, atakufia mikononi yako."

Askari alimtazama Olive, akaishusha kamba mwenyewe. Halafu akamwita Adèle kwa sauti ya mtoto. "Sekuriste! Uko na dawa ya jino?"

"Nikirudi, chef!"

Kufika Nyawera, sokoni, wabebaji wao walikuwa wamekwisha. Déogratias alikuwa ametokwa na ngozi begani. Lakini Nyawera ina watu wake. Wabebaji wa magunia walikuwa wamekaa mbele ya soko, wanangoja kazi.

"Leteni huyu!" alipiga kelele mmoja, mwenye kifua kipana. "Sisi tunabeba mihogo kila siku. Maman huyu ni unyoya!"

"Polepole, papa. Si gunia."

"Nimesikia, maman. Nitamubeba kama mayai ya kufikisha Goma!"

Wachuuzi walivuta vikapu vyao, njia ikafunguka. Mmoja aliimba, wengine wakaitikia, na kwa mdundo wa wimbo huo miguu minane ilikwenda pamoja bila kumtikisa mgonjwa. Adèle alitaka kulia na kucheka. Wakaingia Ibanda kwa wimbo, na mlinzi wa hospitali alifungua lango akidhani ni arusi.

Honoré alikuwa kazini. "Sema," alisema tu.

"Olive, miaka ishirini. Mbao ilimugonga mbavu za kushoto, saa tisa. Tumbo ngumu, bega la kushoto linauma, hakuna jeraha ya bega. Mapigo yalikuwa mia na ishirini, sasa ni mia na thelathini na tano. Sikumupatia maji."

Honoré hakuuliza kitu kingine. Akaita daktari.

*

Daktari alitoka baada ya saa mbili, katikati ya upasuaji, glavu bado mikononi. "Wengu umepasuka. Tunautoa. Nahitaji damu, sasa hivi. Nani wa familia?"

Wakati huo tipoyi ilikuwa inaingia kwa mara ya pili, na watu wote wa mahari nyuma yake, Maman Eulalie mbele. Honoré aliwaeleza: damu itapimwa, inayofaa itachukuliwa, anayetoa haumwi kitu, atakula na kulala vizuri. Kulikuwa na kusita. Wengine waliangalia viatu vyao.

"Mnaangalia nini chini?" ilisikika sauti kutoka kwenye tipoyi. Ilikuwa ya Papa Mugisho. "Yule mutoto alinipatia kikombe cha kwanza akiwa amepiga magoti. Mukunje mikono ya mashati, wote! Ningekuwa na damu ya kutoa, ningetoa. Eulalie, weye wa kwanza!"

Maman Eulalie alikunja mkono wa blauzi. Alipimwa. Alifaa. Déogratias naye alipimwa, akafaa. Wakalala kwenye vitanda viwili, kando kwa kando, shangazi wa bibi arusi na bwana arusi.

"Sasa tumechanganya damu kabla ya padri kutuona," alisema Déogratias.

"Nyamaza, mukwe," alisema Maman Eulalie, lakini alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka masikioni. "Adèle, mutoto wangu. Uliniambia nishike nisikie, nikakataa kushika."

Saa mbili usiku daktari alirudi. Olive alikuwa hai. Alisema wangechelewa nusu saa tu, angekuwa anatafuta maneno mengine ya kuwaambia. Dany alikaa sakafuni, akaweka kichwa katikati ya magoti, akalia kwa furaha bila kuona haya.

Siku ya nne Papa Mugisho, mguu ndani ya plasta, aliwaita wazee wa Déogratias kitandani pake.

"Niliapa sitatoa Emmanuella," alisema. "Ule muapo ulikuwa wa muguu. Leo naongea kwa kichwa. Mumuchukue. Na yule kijana aliyenishusha mwenye masikio, mumulishe vizuri, iko na roho ya mwanaume." Akina mama wakapiga vigelegele wodini. Muuguzi mkuu akaja kuwafokea, akapewa sambaza, akasahau.

Jumapili iliyofuata Honoré alikaa na mashangazi wote katika ua wa hospitali. Aliongea, wakauliza, wakabishana, kama ilivyo desturi.

"Kwa hiyo tusiheshimu tena wazee?" aliuliza Maman Eulalie.

"Heshima ni ya mezani, maman. Kwenye ajali wa kwanza ni mwenye hatari zaidi, akiwa muzee ama mutoto wa siku moja. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwenye analia, mumusikie. Mwenye amenyamaza, mumuguse. Kama iko baridi, iko na jasho, ama anasikia kiu sana, mukimbie naye."

"Na wale bakamwana wetu?"

"Wale muwafundishe kusema."

Adèle alikuwa pembeni, anakunja bendeji. Alikuwa anawaza saa ile aliyopiga magoti kwa mzee kabla ya kuwatazama wote. Alimwambia Honoré hivyo, na Honoré alimjibu, "Ulikosea dakika kumi, halafu ulirudi. Wengine hawarudi, kwa sababu wanaona haya." Adèle alilala vizuri usiku huo. Kesho yake alimpelekea askari wa kizuizini dawa ya jino.

Siku ya kumi Papa Mugisho alipata magongo. Hakwenda kwenye lango kupunga hewa. Alijikokota mpaka wodi ya akina mama, tok, tok, tok, akasimama kando ya kitanda cha Olive. Adèle alikuwa pale, anamchana nywele.

Olive alitaka kuinuka amsalimu. Mzee akamzuia kwa gongo.

"Lala hivyo hivyo. Mukamwana, leo unasikiaje?"

Olive alifungua mdomo. Ungeona kabisa lile neno likija, "niko bien", limefika hata kwenye meno. Akamtazama Adèle. Akamtazama mzee. Akavuta pumzi.

"Papa, inauma," alisema. "Huku, kwenye nyuzi. Inauma sana nikicheka. Tangu asubuhi."

Papa Mugisho alijaza kifua chake hewa, akageukia mlangoni, na sauti yake ikatetemesha vioo vya madirisha yote ya Ibanda.

"Muganga! Muganga, mukuye mbio! Mukamwana wangu anaumia!"